Viti Vitupu Barabarani

Hapana mkulima ambaye angejenga ghala la magunia mia moja, akaweka ndani yake magunia ishirini, kisha akalia kwamba ghala lake limejaa. Akifanya hivyo jirani zake watamcheka, nao watakuwa na haki. Lakini kila asubuhi, katika miji mingi ya dunia, watu wenye elimu na vyeo hufanya jambo lililo sawa na hilo. Huingia barabarani kila mmoja peke yake katika motokaa yenye viti vitano, wakasongamana hata wasiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma, kisha husema kwamba barabara imejaa. Kweli imejaa, lakini imejaa nini? Imejaa bati, magurudumu na viti vitupu.

Nataka kukusimulia, msomaji, jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyojaribu kuvijaza viti hivyo kwa kutenga njia za pekee barabarani na kwa kutoza ushuru. Utaona katika habari hii hekima na upumbavu, ukarimu na hila, wala hutakosa kuona humo jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Kwanza tufanye hesabu, maana wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Barabara kuu hugawanywa kwa mistari myeupe kuwa njia kadhaa zilizo sambamba. Wataalamu wamepima wakaona kwamba njia moja ya namna hiyo hupitisha motokaa 2,000 hivi kwa saa moja, na si nyingi zaidi ya hapo. Ikiwa kila motokaa ina mtu mmoja, basi watu 2,000 wamepita. Ikiwa kila motokaa ina watu watatu, watu 6,000 wamepita, na hakuna jiwe lililoongezwa wala lami iliyomwagwa. Watu 2,000 wale wale wa kwanza wangeweza kupita katika mabasi 50 yenye abiria 40 kila moja. Wala usidhani kwamba magari yakizidi kadiri hiyo, njia itapitisha mengi zaidi. La, itapitisha machache kuliko kwanza, mfano wa mlango mwembamba ambao watu wote wanataka kuutokea kwa mara moja.

Basi swali la mpangaji wa barabara ni hili: ahesabu magari, au ahesabu watu? Akihesabu magari, ataongeza lami kila mwaka, na kila mwaka lami itajaa. Akihesabu watu, atatafuta namna ya kuvitumia viti vilivyopo. Swali hili laonekana jepesi, lakini lilichukua miaka mingi kupata hata nusu ya jibu lake.

Kupakiana motokaa hakukuanzishwa na Serikali yoyote. Mwaka 1914, katika mji wa Los Angeles huko Marekani, wenye motokaa walianza kuwapakia abiria njiani kwa senti tano. Sarafu ya senti tano iliitwa "jitney" kwa lugha ya mitaani, na motokaa zile nazo zikapewa jina hilo hilo. Mwanafunzi wa Kenya hatalistaajabia jambo hili, kwa kuwa matatu zetu zilipata jina lao kwa namna ile ile: nauli ya abiria mmoja ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Jitney zilienea upesi katika miji mingi, lakini makampuni ya tramu yalilalamika kwamba yananyang'anywa abiria, na halmashauri za miji zikaweka leseni nzito na masharti magumu. Baada ya miaka michache nyingi zilitoweka. Matatu zetu zilikuwa na bahati njema zaidi. Baada ya kufukuzwa na kukimbizana na askari kwa miaka mingi, mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kufanya kazi bila ya leseni ile iliyokuwa ikitakiwa.

Vita Kuu ya Pili ilileta somo jingine. Mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliteka Malaya na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na huko ndiko ulikotoka mpira mwingi wa kutengenezea magurudumu. Serikali ya Marekani iliona kwamba magurudumu yakimalizika, viwanda vya silaha vitakosa wafanyakazi. Petroli ikagawiwa kwa kipimo, na watu wakahimizwa kwenda kazini kwa kupakiana. Mwaka 1943 ilitolewa picha ya kubandikwa ukutani, iliyomwonyesha mtu akiendesha motokaa peke yake, na katika kiti cha kando yake kimekaa kivuli cha Hitler. Maana yake ilikuwa wazi: aendaye peke yake anamsaidia adui. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mahimizo nayo yakaisha, na watu wakaurudia upweke wao. Hofu yaweza kujaza viti. Lakini hofu ikiondoka, viti huwa vitupu tena.

Sasa twende Virginia, ng'ambo ya mto Potomac unaopita kando ya Washington, mji mkuu wa Marekani. Huko ipo barabara iitwayo Shirley Highway, inayowaleta watu kazini mjini na katika jengo kubwa la Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi. Mwaka 1969, barabara hii ilipokuwa ikipanuliwa, njia za katikati zilitengwa kwa ajili ya mabasi tu. Asubuhi zilielekea mjini, na jioni ziligeuzwa zikaelekea majumbani. Basi lililokuwa likikaa katika msongamano pamoja na motokaa sasa lilipita kando yake likienda mbio, na wenye motokaa wakabaki wakilitazama. Angalia vema jambo moja: njia zile zilikuwa mpya. Hakuna mtu aliyenyang'anywa alichokuwa nacho.

Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliacha kuiuzia Marekani kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache, na mistari mirefu ya magari ikaonekana katika vituo vya petroli. Mwezi wa Desemba mwaka ule, zile njia za mabasi za Shirley Highway zilifunguliwa kwa motokaa zenye watu wanne au zaidi. Baadaye, mwaka 1989, idadi ilipunguzwa ikawa watu watatu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna afisi iliyolipanga. Dereva aliyekuwa peke yake alitamani kuipita njia ya wengi, lakini hakuwa na watu. Msafiri aliyesimama kituoni akingoja basi alitamani kufika mjini, lakini hakuwa na motokaa. Kila mmoja alikuwa na kile alichokikosa mwenzake. Dereva akasimama kituoni, akataja mahali anapokwenda, wageni wawili au watatu wakaingia, na motokaa ikashika njia ya katikati. Madereva wa mabasi, kwa kuona watu kituoni ambao hawakutaka kupanda, waliwapa jina la "slug", ambalo ni jina la kipande cha chuma kinachotumbukizwa katika sanduku la nauli mahali pa sarafu ya kweli. Ndivyo isemwavyo asili ya jina hilo. Tazama basi jinsi sarafu inavyofuatana na habari hii: jitney ni sarafu moja, matatu ni sarafu tatu, na huyu wa Virginia ni sarafu ya bandia!

Lakini watu hao hawakuwa bandia hata kidogo. Walijiwekea kanuni, nazo zikafuatwa bila ya askari. Hapana kulipa fedha wala kudai fedha. Anayetangulia mstarini hutangulia kupanda. Abiria hamsemeshi dereva mpaka dereva aanze mwenyewe. Mwanamke hawezi kuachwa mstarini peke yake; aliye wa mwisho pamoja naye humtanguliza yeye. Kwa kanuni hizo chache, maelfu ya watu wasiojuana walipelekana kazini miaka na miaka. Kilichowakutanisha ni mstari mweupe uliochorwa barabarani, na dakika walizookoa kila siku.

Usidhani hata hivyo kwamba kila mstari mweupe huleta baraka. Upande wa pili wa nchi ile ile, Jumatatu tarehe 15 Machi 1976, wakuu wa jimbo la California walitenga njia moja katika barabara iendayo kutoka Santa Monica mpaka katikati ya Los Angeles. Iliitwa Njia ya Almasi kwa sababu ya alama iliyochorwa juu ya lami, nayo ilikuwa ya mabasi na motokaa zenye watu watatu au zaidi. Shabaha ilikuwa njema kama ya Virginia. Tofauti ilikuwa moja tu: njia hii haikujengwa, bali iliondolewa katika zile ambazo watu walikuwa wakizitumia jana yake. Wale waliokuwa wakienda polepole katika njia zao za zamani walisongwa katika zilizobaki, na kando yao wakaona njia iliyo karibu tupu. Ajali ziliongezeka sana. Hasira iliongezeka zaidi. Magazeti yalipiga kelele, mashtaka yakapelekwa mahakamani, na mwezi wa Agosti jaji aliamuru jambo lile lisimamishwe, kwa kuwa madhara yake hayakuchunguzwa kwanza kama sheria ilivyotaka. Lilikuwa limedumu majuma 21.

Haki yataka tuseme kwamba katika majuma hayo abiria wa mabasi waliongezeka, na waliopakiana motokaa waliongezeka pia. Pengine kama subira ingekuwapo, matunda yangeonekana. Lakini mtawala anayemnyang'anya mtu tonge mkononi, akimwambia kwamba kesho atamlisha pilau, asistaajabu akikataliwa hata hiyo pilau.

Katika mji huo huo lilipatikana somo la pili. Barabara ya kutoka El Monte ilikuwa na njia ya mabasi iliyofunguliwa mwaka 1973, ambayo baadaye iliruhusu motokaa zenye watu watatu. Mabasi yake yalikwenda kwa mwendo mzuri. Mwezi wa Januari 2000 kwa amri ya sheria idadi ilipunguzwa ikawa watu wawili, ili watu wengi zaidi wafaidike. Watu wawili hupatikana kwa urahisi, hata mume na mke. Basi njia ikafurika, mwendo ukaanguka, na abiria wa mabasi wakachelewa kazini. Mwezi wa Julai mwaka ule ule sharti la watu watatu lilirudishwa kwa saa za msongamano. Yaani njia ya wengi hufanana na dawa: kipimo kikipungua haiponyi, na kikizidi yaweza kudhuru.

Somo la tatu latoka Jakarta, mji mkuu wa Indonesia. Tangu mwaka 1992, katika barabara kubwa za katikati ya mji, motokaa yoyote iliyopita saa za msongamano ilitakiwa kuwa na watu watatu. Punde si punde wakatokea watu walioitwa "joki". Hawa walisimama kando ya barabara, wakiinua kidole, wakajikodisha kwa fedha kidogo ili waketi tu katika motokaa na kutimiza hesabu. Baadhi yao walibeba watoto wachanga, kwa kuwa mtoto naye alihesabiwa. Jambo hili liliwachukiza watu wengi, na kweli lachukiza. Mtoto mdogo kufanywa tikiti ya barabara ni aibu kwa mji mzima. Mwaka 2016 sheria ile iliondolewa, na wengi wakaamini kwamba hakuna kitakachopotea, maana ilikuwa ikidanganywa kila siku.

Wataalamu watatu wa uchumi walipima mwendo wa magari kabla ya sheria kuondolewa na baada yake, wakatangaza matokeo mwaka 2017. Muda wa kwenda kilometa moja uliongezeka kwa asilimia 46 asubuhi na asilimia 87 jioni. Msongamano ulizidi hata katika barabara na saa ambazo sheria haikuzigusa kamwe. Hapo ikadhihirika kwamba sheria ile, pamoja na hila zake zote, ilikuwa ikiubeba mji mabegani bila ya kushukuriwa. Kwa hiyo ukiona sheria yenye kasoro, uliza kwanza kama yafaa kutengenezwa, kabla ya kuuliza kama yafaa kutupwa.

Sasa tuutazame ushuru. Mwaka 1959, mwalimu mmoja wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia, jina lake William Vickrey, aliiambia kamati ya bunge la Marekani kwamba barabara za Washington zingeweza kutozwa ushuru unaobadilika kwa saa na mahali, na magari yatambuliwe kwa vyombo vya umeme. Alisema kwamba kitu kinachotolewa bure saa ambayo kila mtu anakitaka, hakina budi kugombaniwa. Watu walimwona kama mwota ndoto. Mwezi wa Oktoba 1996 alitangazwa kuwa mshindi wa tuzo ya Nobel, na siku tatu baadaye akafariki dunia. Miezi miwili baada ya kifo chake, mji wa San Diego ulianza kuuza nafasi katika njia zake za wengi, zilizokuwa zimefunguliwa mwaka 1988 na ambazo hazikuwa zikijaa. Motokaa zenye watu wawili au zaidi ziliendelea kupita bure. Aliye peke yake aliweza kuingia akilipa. Tangu 1998 bei ilipanda na kushuka kila baada ya dakika chache, kwa kadiri ya wingi wa magari, na sehemu ya fedha ilitumiwa kuendesha mabasi.

Mpango huo una akili, lakini una hatari zake. Katika wilaya ya Orange, kusini ya Los Angeles, kampuni ya watu binafsi ilijenga njia nne za ushuru katikati ya barabara ya 91, zikafunguliwa Desemba 1995. Njia zilikwenda vizuri. Kumbe ndani ya mkataba mlikuwa na sharti linaloizuia Serikali kuzipanua zile njia za bure zilizo kando, ili biashara ya kampuni isiharibike. Wananchi walipolijua walighadhibika, na mwaka 2003 ilibidi wakuu wa wilaya wainunue haki ile kwa dola milioni 207.5. Yafaa mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, si baada yake.

Tena wako wasemao kwamba njia ya ushuru ni njia ya matajiri, na maskini huachiwa vumbi. Neno hili si la kupuuzwa. Likiwa halina jibu, basi mpango wenyewe ni dhuluma. Lakini jibu lake lipo katika viti: mwenye fedha alipe fedha, na asiye na fedha alipe kwa kushirikiana na mwenzake. Mwaka 2019 njia za katikati za barabara ile ya Virginia ziligeuzwa kuwa za ushuru, lakini motokaa yenye watu watatu iliendelea kupita bure. Hivyo karani wa mshahara mdogo, akiwa na wenzake wawili, aliweza kupita kando ya tajiri aliyelipa, wote wawili kwa mwendo mmoja.

Nasi je? Mwaka 2022 ilifunguliwa Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilometa 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, inayopita juu ya barabara ya zamani katika sehemu ya mwendo wake. Ushuru wake ulipangwa kwa aina ya gari na urefu wa safari. Haukuuliza ni watu wangapi wamo ndani. Motokaa yenye mtu mmoja na motokaa yenye watu watano zililipa sawa, na chini yake matatu iliyojaa ilingoja katika foleni pamoja na viti vitupu vya wengine. Simlaumu mtu, nakuonyesha tu kwamba swali letu la mwanzo bado linangoja jibu hata hapa kwetu.

Wewe unayesoma leo, huenda kesho ukaketi katika afisi ambamo barabara hupangwa. Ukifika huko, kumbuka kwamba watu wa Virginia walifaulu kwa sababu walipewa kabla ya kunyimwa. Kwamba wa Santa Monica walikasirika kwa sababu walinyimwa kabla ya kupewa. Kwamba wa Jakarta waliitupa sheria yao mbovu, wakajua thamani yake ilipokwisha kupotea. Na hata usipofika afisini, siku utakayonunua motokaa yako ya kwanza, kabla ya kuilaumu barabara kwamba imejaa, geuza shingo utazame kiti cha nyuma. Kama ni kitupu, basi ghala lina nafasi, na wewe ndiwe mwenye ufunguo.